Sauti ya Nani?

Bila shaka umekwisha kukutana na kijineno ambacho walimu wa sarufi hukiita A-unganifu. Husimama kati ya nomino mbili na kubadilika kwa kufuata ngeli: kitabu cha mwalimu, nyumba ya jirani, mji wa Busia, mwamba wa Tororo. Uliambiwa kwamba kazi yake ni kuonyesha umilikaji, ukafanya mazoezi kumi, ukapata tisa, ukaendelea na somo la vitenzi. Leo nakuomba urudi nyuma kidogo, kwa sababu kijineno hicho kimetumika katika Afrika Mashariki yetu kuficha jambo ambalo raia hana budi kulijua.

Tazama majina haya ya redio: Sauti ya Unguja. Sauti ya Kenya. Sauti ya Tanzania Zanzibar. Katika kila jina "ya" imeketi katikati kama hakimu aliyekwisha kutoa hukumu. Lakini hebu tuichunguze. "Picha ya mwalimu" huweza kuwa picha anayoimiliki mwalimu, au picha aliyoichora, au picha inayoonyesha sura yake. Vivyo hivyo "Sauti ya Unguja" huweza kuwa sauti inayomilikiwa na watu wa Unguja, au sauti inayotoka Unguja, au sauti inayowasemea watu wa Unguja bila kuwauliza. Sarufi peke yake haiamui. Wenye mitambo wamefaidika na utata huo kwa miaka sabini na zaidi: hutamka maana ya kwanza, hutenda maana ya tatu.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Jina lililoandikwa kwenye leseni halitoshi kutuambia mwenye redio ni nani. Risiti ya mtambo haitoshi. Jina la kituo ndilo linalotosha kidogo kuliko yote. Mwenye redio ni yule awezaye kuizima na asiulizwe na mtu. Ukitaka kujua kituo ni cha nani, achana na kibao cha mlangoni. Tafuta kidole kilicho kwenye swichi.

Sisi wa Busia na Tororo hudhani kwamba jambo hili halituhusu, kwa kuwa tumezoea wingi. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na mwenyeji wake huzungusha kitufe cha redio akavuka mpaka mara tano kabla chai haijapoa, pasipo kugongewa muhuri. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa rasmi na Marais Kenyatta na Museveni mnamo Februari 2018. Mawimbi ya redio hayakuwahi kuungoja ufunguzi huo. Kisamia kina wenyewe pande zote mbili, Kiteso vilevile. Tororo kuna Kidhopadhola, Luganda hutufikia kutoka magharibi, na Kiswahili ndicho kinachomaliza bei sokoni. Kwa hiyo tunajiona matajiri wa sauti. Nami nakujibu kwamba anayekula kwa majirani kumi bado hana jiko. Kusikia vituo vingi ni jambo moja. Kuwa na neno juu ya hata kimoja ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili hatuna.

Ili tulione vizuri, twende kwanza kisiwani, mbali na kelele za vituo vingi. Kisiwa chenye redio moja ni darasa zuri, kwa maana msikilizaji hana kitufe cha kukimbilia. Tena nina sababu nyingine ya kukupeleka Unguja: mtu aliyeinyakua redio ya kisiwa hicho kwa namna inayokumbukwa hadi leo alizaliwa huku kwetu Uganda.

Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951, Zanzibar ilipokuwa bado chini ya himaya ya Waingereza. Makao yake yalikuwa Raha Leo, Ng'ambo, upande wa mji waliokokaa watu wa kawaida, si Mji Mkongwe wa majumba ya mawe. Mahali hapo palichaguliwa kwa werevu. Redio iliwekwa katikati ya watu, ikawapigia taarabu yao, ikazungumza Kiswahili chao kitamu, na kila aliyeisikia aliweza kusema "redio yetu" bila kujihisi mwongo. Lakini taarabu ilikuwa ya watu, swichi ilikuwa ya serikali ya mkoloni. Mtangazaji Mwafrika aliyesoma habari hakuwa na mamlaka ya kuamua habari ni nini.

Wasikilizaji walilijua hilo. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwashambulia Waingereza waziwazi, na watu wa visiwani na wa mwambao wakaitegea masikio. Waingereza hawakuwa na kidole kinachofika Misri. Hata hivyo, usije ukadhani kwamba sauti ya Cairo ilikuwa ya Waswahili. Nayo ilikuwa na mwenyewe: serikali ya Gamal Abdel Nasser, yenye malengo yake, ambayo kwa wakati ule yalioana na kiu ya watu wetu. Kukopeshwa sauti na mwenye nia njema bado ni kukopeshwa.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Zanzibar ilikuwa imepata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, yaani hata siku arobaini hazikutimia. Wanamapinduzi walivamia ghala za silaha za polisi, na kulipopambazuka redio ilikuwa mikononi mwao. Sauti iliyosikika haikuwa ya Sultani Jamshid wala ya waziri wake. Haikuwa hata ya Abeid Karume, kiongozi wa chama cha Afro-Shirazi. Ilikuwa ya mtu aliyejiita Field Marshal John Okello.

Okello alizaliwa mwaka 1937 katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa yatima aliyezunguka Uganda na Kenya akifanya kazi za mikono, hata mwaka 1959 akafika Pemba. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, na waliomsikia asubuhi ile waliulizana huyu ni nani na katoka wapi. (Wanafunzi wangu wengi huona haya kusema kwa sababu ya lafudhi. Okello hakuona haya, na kisiwa kizima kikamsikiliza kwa kutetemeka. Sijui kama mfano huo unafaa kukupa moyo.) Alitoa amri, alitoa muda wa kujisalimisha, alitangaza adhabu za kutisha. Sultani alikuwa amekwisha kupanda jahazi la kifalme na kuondoka. Nje ya studio watu wengi mno, Waarabu hasa, waliuawa katika siku zile, na hakuna njia ya heshima ya kuyapita mauaji hayo kwa neno moja la "mapinduzi".

Sasa fuatilia swichi. Mpaka tarehe 11 Januari Sauti ya Unguja ilikuwa ya serikali ya Sultani. Tarehe 12 ilikuwa ya Okello. Kabla Machi haijaisha, Okello aliyekuwa amesafiri alizuiwa kurudi visiwani, na redio ikabaki kuwa ya Baraza la Mapinduzi chini ya Karume. Wenye redio watatu katika muda wa miezi mitatu, na kijineno "ya" hakikutikisika. Hakuna aliyemwuliza mchuuzi wa Darajani wala mkulima wa karafuu wa Pemba. Okello mwenyewe alichapisha kitabu chake cha kumbukumbu Nairobi mwaka 1967. Baada ya 1971 habari zake zilipotea huku Uganda, na historia rasmi ya Zanzibar ikampunguza mpaka akawa kama mpita njia. Aliyeteka sauti aliporwa sauti. Ndivyo inavyokuwa pale ambapo umiliki hutegemea nani aliye studioni na bunduki.

Utasema: mwalimu, hayo ni ya zamani. Haya, tusogee mbele. Visiwani redio ya serikali ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar. Mwaka 1974 ikaongezwa televisheni, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara haikuwa na televisheni ya aina yoyote. Ni jambo la kujivunia, nami sifichi. Mwaka 2013 redio na televisheni zilikuwa zimeunganishwa chini ya Shirika la Utangazaji Zanzibar, na neno "umma" likatumika kwa wingi. Kisha tarehe 25 Oktoba 2015 watu wakapiga kura. Siku tatu baadaye, tarehe 28, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akatangaza kwamba uchaguzi mzima umefutwa, na tangazo hilo likawafikia watu kupitia chombo hicho cha umma. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, chama kikuu cha upinzani kikasusa. Sibishani hapa juu ya nani alishinda. Nakuonyesha tu jinsi umma ulivyoambiwa, kwa sauti ya umma, kwamba kura za umma si kitu. "Umma" ni neno zuri la asili ya Kiarabu lenye maana ya jamii nzima ya watu. Katika vinywa vya wenye swichi, mara nyingi maana yake ni wizara.

Turudi mpakani, maana nasi tuna kumbukumbu zetu. Mnamo Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, na sehemu ya kusini mwa Sudan, kwa historia ni ardhi ya Uganda. Alikuwa na kipande cha ukweli cha kushikia: hadi mwaka 1902 nchi yote kuanzia hapa Busia hadi Naivasha ilikuwa ndani ya himaya ya Uganda, kabla Waingereza hawajaihamishia upande wa pili kwa kalamu. Lakini Amin hakuwa akifundisha historia. Kenya iliwaka. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikataa kugusa mizigo ya Uganda, na kwa siku kadhaa vita havikuwa mbali. Fikiria Msamia mwenye shamba upande mmoja na shangazi upande wa pili, ameketi mbele ya redio yake, akisikia kwamba yeye ni sababu ya vita ambavyo hakuviomba. Redio Uganda ilikuwa yake kwa jina. Je, alikuwa na dakika moja hewani ya kusema kwamba yeye na shangazi hawana ugomvi?

Na kwa kuwa wewe unajifunza lugha hii, usipite bila kuona jambo jingine. Mwaka 1973 Amin huyohuyo aliitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Watu wakakisikia katika kinywa cha askari kwenye vizuizi vya barabarani, na katika redio ikisoma amri za askari. Ndiyo maana wako wazee Waganda ambao hata leo husikia Kiswahili wakahisi kitako cha bunduki. Katiba ya Uganda ilikirekebishia hadhi mwaka 2005 kwa kukifanya lugha rasmi ya pili. Kovu hata hivyo halifutwi na kifungu cha katiba. Lugha haikukosa. Aliyeisemea ndiye aliyekosa, na hakuwapo wa kumnyang'anya kipaza sauti.

Najua jibu litakalotoka kinywani mwa wengi: redio za serikali ndizo zilizokuwa tatizo, na sasa zipo za watu binafsi. Uganda ilifungua mlango mwishoni mwa 1993, kwa Sanyu FM. Kenya ilifuata mwaka 1996, kwa Capital FM. Kisha vituo vikamwagika hadi vijijini. Sipuuzi mabadiliko hayo. Nakumbuka, na wazazi wako wanakumbuka zaidi, jinsi ilivyokuwa ajabu kumsikia mtu wa kawaida akipiga simu na kumkosoa waziri. Kampala kulikuwa na ebimeeza, yaani mabaraza ya wazi ambayo watu walikaa mezani, wakanywa soda au kitu kikali zaidi, wakajadili siasa, na mjadala ukarushwa hewani moja kwa moja. Ebimeeza ndiyo ilikuwa A-unganifu ya kweli: sauti ya watu, kutoka kwa watu, mbele ya watu.

Basi tazama kilichozipata. Septemba 2009 serikali ilimzuia Kabaka Ronald Mutebi kuzuru Kayunga. Ghasia zikazuka Kampala na kwingineko, na watu wakauawa. Mamlaka ikavizima vituo vinne: CBS, Akaboozi, Ssuubi na Sapientia. Ebimeeza zikapigwa marufuku. CBS, kituo kinachohusishwa na ufalme wa Buganda, hakikurudi hewani hadi Oktoba 2010, zaidi ya mwaka mzima. Wenye hisa walikuwapo, mitambo ilikuwapo, wasikilizaji walikuwapo kwa mamilioni. Kidole kimoja kikabonyeza. Na Kenya isijifanye mtakatifu: tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru, serikali ilizima televisheni za Citizen, NTV na KTN, na zilibaki gizani hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru zirejeshwe.

Hayo ni ya miji mikuu, ambako kuna mawakili na kamera za kigeni. Huku mikoani mambo hufanyika kimya zaidi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Mei 2010 ilieleza jinsi watangazaji wa Uganda walio mbali na Kampala walivyotishwa na maofisa, na jinsi wenye vituo walivyokuwa wakijikaba koo wenyewe kwa hofu ya kupoteza leseni. Kituo kidogo hakihitaji kufungwa. Kinahitaji kukumbushwa tu kwamba kinaweza kufungwa. Na pale ambapo mwenye kituo ni mwanasiasa, au shemeji ya mwanasiasa, hata kukumbushwa hakuhitajiki.

Angalia pia lugha yenyewe inavyotushtaki. Kwa Kiswahili "tangazo" ni habari inayorushwa hewani, na "tangazo" hilohilo ni la kuuza sabuni. Redio ya kwetu huishi kwa matangazo ya maana zote mbili bila kuweka ukuta kati yake. Aliyefiwa hulipa ili kifo kitangazwe. Mwenye duka hulipa. Mgombea hulipa, naye huitwa "mgeni wetu studioni" kana kwamba alipita tu akakaribishwa. Msikilizaji amebaki na salamu: atamsalimia mjomba, shangazi na wote wanaomfahamu, kisha simu itakatwa, muziki utaendelea. Sina ugomvi na salamu. Zimeunganisha familia nyingi kupitia mpaka huu. Ila raia anayeruhusiwa kusalimia tu, na haruhusiwi kuuliza kwa nini hospitali haina dawa, hana redio. Ana simu ya kulipia.

Wako wanaonionya kwamba redio ikiachwa huru itatuletea ya Rwanda. Onyo hilo ni zito, nami silipuuzi. Lakini wanaolitaja mara nyingi hawajui RTLM ilikuwa ya nani. Haikuwa redio ya umati uliojiokotea kipaza sauti. Ilianzishwa mwaka 1993 kama kampuni ya hisa, na miongoni mwa wenye hisa alikuwamo Rais Habyarimana mwenyewe pamoja na watu wa karibu na utawala wake. Ilijivika joho la redio binafsi, ikacheza muziki mzuri, ikapendwa na vijana, kisha mwaka 1994 ikaita watu kuua majirani zao. Mnamo Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waasisi wake. Mimi nakisoma kisa hicho kinyume na wanavyokisoma waonyaji. Laiti orodha ya wenye hisa ingesomwa hewani kila asubuhi kabla ya nyimbo, wasikilizaji wangalau wangejua ni nani anayezungumza nao. Siri ya umiliki haikuwalinda Wanyarwanda, iliwalinda wauaji.

Je, kuna namna nyingine? Ipo, na haiko mbali. Sheria ya Kenya inatambua utangazaji wa aina tatu: wa umma, wa kibiashara na wa jamii. Huu wa tatu haupaswi kumtajirisha mtu, na unatakiwa uwe mikononi mwa jamii inayohudumiwa. Ukambani, Radio Mang'elete ilianza kutangaza mwaka 2004 ikiwa mali ya mtandao wa vikundi vya wanawake, wale wale wa kuchangiana na kuchimba mabwawa. Na ndani ya Ziwa Victoria, lile lile linalogusa Majanji na Port Victoria zetu, kuna kisiwa cha Mfangano. Wenyeji wake wa asili ni Wasuba, ambao mababu zao walivuka maji kutoka Uganda. Kisuba ni ndugu wa Luganda na Lusoga, lakini kimemezwa na Dholuo hata UNESCO imekihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Hapo kisiwani kituo cha jamii kiitwacho Ekialo Kiona kina redio yake, na Kisuba, ambacho watoto walikuwa wakikiona cha bibi na babu, kikasikika hewani.

Sikupi mfano huo kama pepo. Kituo hicho kimekuwa na wahisani, na mhisani naye ana kidole. Leo anapenda afya na lugha za asili. Kesho huenda akapenda kitu kingine, na mafuta ya jenereta hayapendi mtu. Mwanachama wa Mfangano ana haki ya kuuliza swali lilelile ninalotaka uulize wewe. Tofauti ni kwamba yeye huweza kutembea kwa miguu akamkuta wa kumjibu, akamwita kwa jina la ukoo. Hiyo ni hatua kubwa. Sisi wa Busia na Tororo tukitaka kumwuliza mwenye kituo tunachokisikiliza kila siku, wengi wetu hatujui hata pa kubisha hodi.

Kwa hiyo nataka mambo matatu, na sitaki kupunguziwa hata moja. Kila kituo kitaje hewani, kwa lugha kinayotangazia, majina ya wenye hisa wake. Kila kituo kinachozimwa, hata kwa saa moja, kieleze ni nani aliyeamuru na kwa kifungu gani cha sheria. Na redio zinazoendeshwa kwa kodi zetu, UBC kule na KBC huku, zipimwe kwa Katiba badala ya hisani: Kibara cha 34 cha Katiba ya Kenya kinaviagiza vyombo vya habari vya dola visiegemee upande na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Uganda nayo, katika Kibara cha 29, inamhakikishia kila mtu uhuru wa kusema pamoja na uhuru wa vyombo vya habari. Maneno haya tayari yapo. Hayajafika studioni.

Usiniambie kwamba wewe ni mwanafunzi tu. Uganda ina Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, Kenya ina yake ya 2016, na zote mbili zimempa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa dola na kujibiwa ndani ya siku 21. Leseni za utangazaji hutolewa na vyombo vya dola: Tume ya Mawasiliano ya Uganda kwa upande mmoja, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa upande wa pili. Gawaneni kazi kama watu wa mpakani. Wa upande wa Tororo ajaze fomu ya Kampala. Wa upande wa Kenya aandike Nairobi. Sheria ya Kenya inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na nadhani unajua nitakuambia uchague ipi.

Hili basi ndilo zoezi la juma hili, badala ya zile sentensi kumi za kujaza nafasi. Chagua kituo kimoja unachokisikiliza nyumbani. Anza na anwani yako, tarehe, na "Kuh:", kisha uulize: Kituo hiki ni cha nani? Wenye hisa ni akina nani, na kila mmoja ana kiasi gani? Leseni yake inaisha lini, na ina masharti gani? Tangu kipewe leseni kimewahi kuamriwa kunyamaza, na kama ndiyo, kwa amri ya nani? Tumia "ya", "cha" na "wa" kwa uangalifu wote niliokufundisha. Tia sahihi, tunza nakala, na siku ya 22 uje nayo darasani pamoja na jibu, au bila jibu.